Fizi Zikitoa Damu, Usiweke Mswaki Chini

Kwa miaka mingi nilikuwa natema povu la rangi ya waridi kila asubuhi, nafungulia maji, na siku inaendelea. Haikuuma, kwa hiyo haikunishughulisha. Nilipoitaja kwa watu, jibu lilikuwa moja: "Hicho kiseyeye hicho. Kula machungwa." Nikala machungwa. Mwingine akaniambia mswaki wangu ni mgumu, nizipumzishe fizi siku mbili tatu. Nikazipumzisha, damu ikazidi.

Nilipofika kwa tabibu wa meno, wala si fizi zilizonipeleka. Ni gego la chini lililotoboka na kuninyima usingizi. Kabla hajaligusa, dada yule alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za mistari, akawa anakiingiza polepole kati ya jino na ufizi, jino moja baada ya jingine, huku akimtajia msaidizi wake namba: "Tatu, mbili, tatu. Tatu, tatu, nne. Tano, nne, sita." Alipopumzika nikamuuliza anahesabu nini.

"Milimita, kaka. Ufizi mzima hulibana jino, kijiti hiki hakizami zaidi ya tatu. Huku kimezama sita."

"Na machungwa nakula kila siku."

Akacheka. "Endelea kuyala, matamu. Lakini hili halikuja kwa kukosa machungwa, na halitaondoka kwa machungwa."

Mimi si daktari. Naandika kama mtu aliyechelewa, kisha akauliza maswali mengi, ili wewe usichelewe.

Jina lililotupoteza

Kiseyeye ni ugonjwa wa kweli, ila ni nadra kuwa huu unaotutoa damu asubuhi. Huletwa na mwili kukosa vitamini C kwa miezi. Waliouonja hasa ni mabaharia wa zamani waliokaa baharini bila tunda wala mboga mbichi. Mwaka 1747, James Lind, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, aliwachukua mabaharia 12 wagonjwa ndani ya meli iliyoitwa Salisbury, akawagawa wawili wawili, kila jozi akaipa kitu chake: hawa siki, wale maji ya bahari, na kadhalika. Jozi iliyopewa machungwa mawili na limau moja kwa siku ndiyo iliyoinuka upesi.

Mwenye kiseyeye hatoki damu fizini tu. Ngozi humtoka mabaka, viungo humuuma, kidonda kilichopona zamani huweza kufunguka upya, na mwili wote hulegea. Mtu anayekula mchicha, mapera na maembe, na kukamulia ndimu mchuzi wake, ni shida kufika huko.

Ugonjwa wetu wa kila siku ulipata ushahidi wake zaidi ya miaka 200 baada ya Lind. Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake katika mji wa Aarhus, Denmaki, walitoa matokeo ya jaribio jepesi kusimulia. Waliwachukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, wakawaambia waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku ya 10 na ya 21, wote 12 walikuwa na fizi zilizovimba. Wakarudishiwa mswaki, na katika muda wa wiki moja hivi fizi zikarudi kuwa nzima.

Mabaharia wa Lind walihitaji chungwa. Watu wa Löe walihitaji mswaki. Wengi wetu tunaotema damu asubuhi tuko upande wa Löe, na jina la kiseyeye ndilo linalotupeleka sokoni badala ya kutupeleka kliniki.

Ukoga, ugaga na mfuko

Pitisha ulimi nyuma ya meno yako ya mbele ya chini, pale yanapokutana na ufizi. Ukikuta pamekuwa laini kama pana utando unaoteleza, huo ni ukoga: bakteria, mate na mabaki ya chakula, vimeshikamana kuwa kitu kimoja. Ukucha unaukwangua, mswaki unauondoa. Ukikuta pana ukuta mgumu, wa kukwaruza, unaofunika shingo za meno kama saruji iliyomwagika na kukauka, huo ni ugaga. Ni ukoga ule ule ulioachwa siku kadhaa ukanywa madini ya mate hadi ukageuka jiwe. Hupenda kuanzia hapo, na upande wa shavu wa magego ya juu, kwa sababu ndipo mate yanapomiminika kutoka kwenye tezi zake. Ukishakuwa jiwe, mswaki hauutoi hata ukisugua hadi mkono uchoke.

Ugaga wenyewe hauli ufizi. Kazi yake ni kuwa kichaka. Juu ya mgongo wake wa kukwaruza ukoga mpya hujishika kila saa, karibu kabisa na ukingo wa ufizi, na mwili huwapelekea bakteria hao askari wake. Ufizi hujaa damu, huvimba, hung'aa, na ukiguswa tu hutoka damu. Hatua hii ya kwanza ina habari njema: ukiondoa uchafu, ufizi hurudi kama ulivyokuwa, bila kovu.

Ukiuacha, baadhi ya watu huvuka kwenda hatua ya pili. Ufizi hubanduka kwenye jino, ukaacha mfuko. Milimita tano au sita si kitu machoni petu, lakini maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Humo ndani hewa ni haba, mswaki haufiki, na bakteria wakali zaidi huzaana. Mwili nao, katika kupigana nao, huanza kula mfupa wa taya ulioshikilia jino. Mfupa huo ukishapungua haurudi wenyewe. Jino linaweza kuwa zima, jeupe, halina tundu hata moja, likalegea na kung'oka kama nguzo iliyofukuliwa udongo.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inakadiria kwamba watu zaidi ya bilioni moja wana ugonjwa wa fizi wa kiwango kikali. Wengi wao hawaumwi. Jino lililotoboka hupiga kelele usiku; ufizi huvuja kimya kimya kwa miaka.

Tujitazame bila kudanganyika

Vitabu vingi husema ufizi mzima ni wa rangi ya waridi na ufizi mgonjwa ni mwekundu. Kwa wengi wetu maelezo hayo hayasaidii, maana tuna fizi za kahawia au nyeusi tangu kuzaliwa, na weusi huo ni rangi tu kama ya ngozi. Tazama umbo. Ufizi mzima una ukingo mwembamba uliolala juu ya jino, na kati ya jino na jino hupanda kwa ncha kali. Ufizi mgonjwa una ukingo mnene, uliotuna, unaong'aa, na ncha zake zimekuwa butu.

Dalili nyingine ni hizi: damu unapopiga mswaki au unapouma muhindi, harufu ya kinywa isiyoondoka baada ya kusafisha, meno yanayoonekana kurefuka kwa sababu fizi zimerudi nyuma, mwanya uliojitokeza ukubwani mahali ambapo haukuwapo, usaha ukibonyeza ufizi, na mwisho, jino linalocheza.

Mvutaji sigara awe macho zaidi. Tumbaku hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo fizi zake huenda zisitoe damu kabisa huku mfupa ukiendelea kuliwa chini kwa chini. Akiacha kuvuta, damu huweza kuanza kuonekana, naye akadhani kuacha ndiko kulikomletea ugonjwa. Sivyo. Pazia limeinuliwa tu.

Tutenganishe pia ugaga na meno ya kahawia ya ndugu zetu waliokulia kwenye maji yenye floraidi nyingi, kama sehemu za Arusha na Meru. Yale madoa yamo ndani ya jino tangu lilipokuwa likiumbwa. Kukwanguliwa hakuyatoi, na si uchafu. Asije mtu akamwaibisha mwenzake bure.

Kwa nini babu ana meno yote?

Kila familia ina mzee mmoja asiyejua dawa ya meno, na meno yake yote yapo. Tukishauriwa kusafisha, humleta yeye kama ushahidi. Jibu lake lilipatikana Sri Lanka. Kati ya mwaka 1970 na 1985, Löe na wenzake waliwafuatilia wanaume 480 wa mashamba ya chai ambao hawakuwa wakipiga mswaki wala hawakuwa na daktari wa meno. Wote walikuwa na ukoga na fizi zilizovimba. Lakini kati ya kila 100, takriban 8 mfupa wao uliliwa kwa kasi, 81 uliliwa kwa mwendo wa wastani, na 11 haukuendelea kuliwa. Babu yetu ni mmoja wa wale 11. Mungu amjalie, ila tusimfanye kipimo cha wote.

Yapo mambo yanayomsogeza mtu upande wa wale 8. La kwanza ni tumbaku, iwe sigara, ugoro, kuberi au ile inayofungwa ndani ya tambuu. La pili ni kisukari. Mwenye sukari isiyodhibitiwa huugua fizi kwa urahisi na kupona kwa taabu. Na fizi zikiwa mbaya, sukari nayo hukataa kushuka. Milango hii miwili huvuta upepo pamoja, na tafiti zimeonyesha kwamba mgonjwa akitibiwa fizi vizuri, hata wastani wa sukari yake hupungua kidogo. Kama wewe ni wa kliniki ya kisukari, uliza kuhusu fizi kama unavyouliza kuhusu miguu na macho. Na kama fizi zako hazitulii pamoja na usafi wote, kapime sukari.

Mama mjamzito naye ana sababu yake. Homoni za ujauzito huzifanya fizi kuitikia ukoga mdogo kwa kishindo kikubwa, na wengine huota kinyama chekundu katikati ya meno ambacho mara nyingi hunywea baada ya kujifungua. Wapo wanaoambiwa na mashoga zao kwamba mjamzito haguswi meno. Si kweli. Kusafishwa meno ni salama, na miezi ya katikati ndiyo yenye raha zaidi kwa mama kukaa kwenye kiti. Mwambie tabibu kwamba una ujauzito, basi.

Zipo na dawa. Fenitoini ya kifafa, na baadhi ya dawa za presha kama nifedipini na amlodipini, kwa watu wengine huzikuza fizi hadi zikaanza kufunika meno. Ukiona hivyo usiache dawa kwa uamuzi wako. Presha inaua upesi kuliko ufizi. Rudi kwa aliyekuandikia, mweleze, atatazama kama kuna ya kubadilisha. Anayeishi na virusi vya UKIMWI pia afuatilie fizi zake kwa karibu na aendelee na dawa zake bila kukosa, kwa kuwa kinga ikishuka fizi huwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kuonyesha.

Siku ya kwenda kwenye kiti

Nchini Tanzania huhitaji kuanzia hospitali kubwa. Hospitali za wilaya zina kitengo cha kinywa na meno, na baadhi ya vituo vya afya vinacho. Ukifika, usiseme tu "nataka kung'arishwa meno," maana utang'arishwa. Sema: "Fizi zangu zinatoa damu, naomba unipime mifuko." Mtaje kisukari, ujauzito, dawa za kuyeyusha damu au tatizo la valvu ya moyo kama unalo.

Tabibu atapima kwa kile kijiti, na pengine ataomba picha ya eksirei kuona mfupa umebaki kiasi gani. Kisha hukwangua ugaga kwa mashine yenye ncha inayotetemeka na kurusha maji, au kwa vyuma vya mkono. Mashine ina mlio wa kukereta, na damu utaiona kwenye maji unayotema. Isikutishe, ni fizi zile zile zilizokuwa zikivuja nyumbani. Mahali penye mifuko mirefu huchoma ganzi, kisha akasafisha hadi chini ya ufizi, kwenye mzizi, mpaka uwe laini. Kazi hiyo huweza kuchukua ziara mbili au zaidi. Ndiyo tiba yenyewe. Yote mengine ni msaada.

Hapa ndipo penye malalamiko makubwa: "Nilikwenda na meno yangu imara, nimerudi yanacheza." Nimeyasikia kwa majirani, na mimi mwenyewe nilishtuka. Baada ya kukwanguliwa, nilihisi mapengo nyuma ya meno, ulimi ukawa unaingia mahali ambapo haukuwahi kuingia, na maji baridi yakanipiga hadi utosini. Lakini nini kiliondolewa? Jiwe. Lile jiwe lilikuwa limejaza mapengo na kuyafunga meno kwa pamoja kama kuta mbili zilizoegemezwa kwa kifusi. Ulegevu ulikuwapo tangu mfupa ulipopungua, kifusi kiliuficha. Fizi zilizovimba nazo hunywea zikipona, ndiyo maana meno huonekana marefu zaidi. Maumivu hayo ya maji baridi hupungua katika siku au wiki chache, na dawa ya meno iliyotengenezwa kwa meno yanayoumizwa na baridi husaidia. Meno mengi yaliyokuwa yakicheza kidogo huanza kukaza ufizi ukishayashika tena.

Baada ya wiki kadhaa, kwa kawaida kati ya sita na kumi na mbili, unarudi kupimwa upya. Mifuko iliyobaki mirefu husafishwa tena, au daktari bingwa hufunua ufizi kwa upasuaji mdogo ili aone anachokisafisha. Jino lililokwisha poteza karibu mfupa wake wote huenda likang'olewa, na ni afadhali kuambiwa ukweli huo kuliko kuuziwa matumaini. Kisha huanza kazi ya kulinda: aliyewahi kupoteza mfupa arudi kusafishwa kila miezi mitatu hadi sita kadiri atakavyopangiwa. Ugonjwa huu hudhibitiwa kama presha inavyodhibitiwa. Ukiupa kisogo, unarudi.

Vya dukani na vya jikoni

Watu wengi hupita kwanza duka la dawa wakaomba "dawa ya fizi," wakapewa vidonge vya amoksisilini au metronidazoli. Damu hupungua siku tatu, kisha hurudi. Sababu ni kwamba bakteria waliojifungia ndani ya ukoga na nyuma ya ugaga hawafikiwi vizuri na dawa iliyomo kwenye damu. Kunywa vidonge bila kukwanguliwa ni kupuliza dawa ya mende huku jaa la taka likiwa limebaki sebuleni. Zaidi ya hapo, unawafundisha bakteria usugu, na siku utakapoihitaji dawa hiyo kwa maradhi makubwa isikutii. Dawa hizi zina mahali pake, kama fizi zinazooza kwa ghafla au jipu lenye homa. Aamue tabibu.

Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini husaidia kweli, hasa siku ambazo fizi zina vidonda na mswaki hauvumiliki. Lakini itumie wiki moja au mbili tu isipokuwa umeelekezwa vingine. Ikizidi hutia meno madoa ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula. Usiitumie papo hapo baada ya dawa ya meno, zipishane nusu saa. Maji ya uvuguvugu na chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye kikombe, hutuliza vizuri na hayana gharama. Hayavunji ugaga.

Mafuta ya karafuu tunayajua tangu kwa bibi zetu, na kweli yana kitu kinachotia ganzi. Hutuliza maumivu ya jino, hayatibu ufizi, na yakipakwa yenyewe bila kupunguzwa huunguza. Mkaa uliosagwa, majivu na mchanga hukwangua jino lenyewe na kuuchimba ufizi. Ndimu hula ngozi ya jino. Iache kwenye mchuzi. Aspirini ni ya kumeza kwa maelekezo: ikiwekwa juu ya ufizi huacha kidonda cheupe cha kuungua. Na maji ya betri, ambayo wapo wanaoyatia jinoni, ni tindikali. Usimruhusu mtu yeyote akutilie kinywani.

Kazi ya kila siku

Hapa ndipo penye siri ya makala yote: damu inakuonyesha mahali pa kusafisha. Tunapoikwepa sehemu inayotoka damu, ukoga hubaki pale pale, na kesho damu inaongezeka. Sehemu hiyo ndiyo ya kuirudia, kwa upole, kila siku. Siku za mwanzo itatoka zaidi. Kama hakuna ugaga, baada ya wiki moja hadi mbili itakoma. Isipokoma, umepata jibu: kuna kitu ambacho mswaki wako hauwezi, nenda ukakwanguliwe.

Chukua mswaki laini. Ulaze ili nyuzi zake zielekee ufizini kwa mshazari, nusu zikiwa juu ya jino na nusu kwenye ukingo wa ufizi. Utikise kwa mwendo mfupi mfupi mahali pamoja, meno mawili au matatu kwa wakati, kisha usogee. Usifanye kama unayekwangua sufuria. Anza na sehemu unazozisahau: nyuma ya meno ya chini, na jino la mwisho kabisa kila upande. Dakika mbili, mara mbili kwa siku, na ya usiku ndiyo usiikose, maana mate hupungua usingizini na kinywa hukosa mlinzi. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki ifanye kazi. Nyuzi za mswaki zikipinda, kwa kawaida baada ya miezi mitatu, nunua mwingine.

Anayetumia mswaki wa mti asidharauliwe. Kijiti cha mti wa mswaki kimesafisha vinywa vya pwani yetu kabla dawa ya tyubu haijafika, na kikitumiwa vizuri kinaondoa ukoga. Menya ganda urefu wa sentimita moja hivi, tafuna ncha hadi iwe brashi, kisha sugua kutoka ufizini kuelekea ncha ya jino, si kwa kukata kama msumeno. Kata ncha iliyochakaa utengeneze mpya. Udhaifu wake ni mmoja: hutusahaulisha upande wa ndani wa meno, kwa kuwa kijiti kimenyooka. Kilazimishe kifike.

Kati ya jino na jino, mswaki wowote hauingii, na ndiko ugonjwa unakopenda kuanzia. Tumia uzi wa meno mara moja kwa siku: uingize taratibu, uukumbatishe jino, upandishe na kuushusha hadi chini kidogo ya ufizi, kisha ufanye vivyo hivyo kwa jino jirani. Mwenye mianya mipana atumie vibrashi vidogo vya kupitisha katikati. Kijiti cha kuchokonolea nyama baada ya pilau hutoa nyama tu, tena ukikishindilia kila siku mahali pamoja kinauumiza ufizi.

Mambo yasiyongoja

Usingoje zamu ukiona haya: uvimbe wa uso au taya pamoja na homa, fizi zenye maumivu makali, ncha zilizooza na harufu nzito, kidonda kinywani kisichopona kwa wiki mbili, au damu ya fizi inayotoka yenyewe bila kuguswa, pamoja na michubuko ya ngozi au uchovu usioelezeka. Mwenye dalili hiyo ya mwisho apimwe damu, maana baadhi ya maradhi ya damu huanzia kujionyesha fizini.

Na mtoto mdogo, hasa aliyedhoofu kwa utapiamlo au aliyetoka kuugua surua, akiwa na kidonda kwenye ufizi, mate yanayonuka na shavu linaloanza kuvimba, apelekwe siku hiyo hiyo. Huenda ni noma, ugonjwa unaokula uso kwa siku chache na kuua, lakini ambao ukiwahiwa mwanzoni hutibika kwa dawa za kawaida, usafi wa kinywa na lishe. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza rasmi kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Unaanza kama ufizi unaotoka damu.

Nilirudi kwa yule dada baada ya miezi mitatu. Akaingiza kijiti chake, msaidizi akaandika. Ile sita ilikuwa imekuwa nne, tano zikawa tatu. Mfupa uliokwisha kuondoka haukurudi, na hakunificha. "Ungekuja miaka mitano nyuma, kaka, tusingekuwa tunauzungumzia."

Usiku wa leo, ukishapiga mswaki, tema povu na uliangalie kabla ya kufungulia maji.